Sumaku ya Friji

La kwanza lilikuwa jekundu, kule Betanzos.
Kijana aliyeliuza hakumeza mate:
akalipiga ubavuni, pa, pa, "Mama, hiki chuma!"
Mwamba ngoma, nikasema moyoni,
nikatoa mfukoni sumaku ya friji,
ile yenye picha ya dagaa wa mkebe,
nikaibandika juu ya gurudumu la nyuma.
Ikaanguka.
Nikaiokota, nikaifuta matope, nikaibandika tena.
Ikaanguka.
Chini ya rangi palikuwa na puti,
na uongo uliopigwa msasa ukateleza.

La pili, dari lake liliniinamisha kama mkosaji.
La tatu lilikuwa la muuza pweza.
"Harufu itatoka," akaniapia.
"Lini?"
Akakuna kidevu.
"Na mimi niliambiwa hivyo hivyo nilipolinunua."

Dada yangu Uxía hupiga simu usiku:
"Sabela, una miaka sitini na mmoja.
Wenzio wananunua godoro la mgongo,
wewe wanunua nyumba yenye ekzosti."
Simjibu. Nitamwambia nini?
Miaka thelathini na miwili nilipeleka barua,
kilomita sabini na nne kila siku ya kazi,
bili, kadi za Krismasi, wito wa mahakama,
na njia yangu ikikomea kwenye kinu kibovu cha mtoni.
Hapo nageuza. Mbele yangu barabara inaendelea,
inapanda, inakata kona nyuma ya mikaratusi.
Huko ni posta ya watu wengine.
Zaidi ya mara elfu saba nimeipa kona ile kisogo.

La nne nililikuta Ordes, kwa Fuco mwoka mikate,
aliyestaafishwa na magoti.
Lilikuwa jeupe zamani. Sasa lina rangi
ya maziwa yaliyoungua kidogo.
Kilomita laki tatu na elfu kumi na moja.
Mvua inanyesha, naye hakunikaribisha ndani,
kasimama na funguo
kama anayeshika mkono wa mtoto sokoni.
"Linavuja?"
"Linavuja. Pale. Weka sufuria."
"Gia?"
"Ya tatu ina kiburi. Usiilazimishe."
Sumaku ikashika mbele, ikashika ubavuni,
ikaanguka mlango wa nyuma tu.
"Hapo mke wangu aligonga lango," akasema,
wala hakuongeza neno,
nami sikuuliza mke yuko wapi.

Nikavua viatu, nikapanda, nikalala chali
pale mikate ilipokuwa ikisafiri alfajiri.
Utosi kwenye kiti, nyayo kuelekea mlango,
vikabaki vidole vinne.
Fuco akachungulia. "Unapima nini?"
"Usingizi."
Unga wa miaka ukanidondokea kutoka mikunjo ya bati,
nikainuka na mvi za ziada.

Kizuri chajiuza, walisema waliosema,
kibaya chajitembeza.
Basi nipe hicho kibaya.
Mimi kutembea ndiko nilikokuja kukununua.

Alitaka elfu nne. Nikasema tatu na mia mbili.
Tukanyamaza, tukaliachia paa lihesabu matone.
Tatu na nusu, na rafu za mikate
zing'oke au zibaki, shauri langu.
Zimebaki. Nimepanga soksi, redio,
vitabu viwili, sufuria ya lile tundu.

Jumanne nikafika kwenye kinu.
Mikono ikaanza kukata usukani, yenyewe,
kama punda anayejua zizi.
Nikakanyaga breki katikati ya njia.
Nyuma yangu trekta likapiga honi, ndefu, ya matusi.
Subiri, bwana, nikasema kiooni, subiri.
Nikatia ya kwanza. Nikatia ya pili.
Ya tatu ikakataa.
Sikuilazimisha.
Tukaikata kona na ya pili hiyo hiyo,
tukiunguruma.